Je, Ni Halali Kushangilia Kifo cha Adui?



Vijana wengi, wakipata habari kwamba sisi tulikuwa askari katika vita vya Kagera, hutuuliza swali moja: "Wazee wetu, siku mliposikia Idi Amin amekufa, mlifurahi kiasi gani?" Hawaulizi kama tulifurahi, hilo wamekwisha kuliamua wenyewe. Wataka kujua kipimo tu. Wengine hutazamia kusikia habari za mbuzi waliochinjwa na mbege iliyonywewa mpaka alfajiri. Swali hili halimhusu Amin peke yake. Lamhusu kila mtu aliye na adui, na nani asiye naye? Kwa hiyo tumeona yafaa tulijibu hapa mbele ya wazazi, tukitegemea mafundisho ya Mama Kanisa, pamoja na yale machache tuliyoyaona kwa macho yetu.

Kwanza tuseme waziwazi jinsi mtu huyo alivyokuwa. Wako wanaohubiri mapendo kwa adui huku wakiupunguza uovu wake, ili kazi ya kumpenda iwe nyepesi. Hayo si mapendo, ni usahaulifu. Idi Amin alitwaa serikali ya Uganda kwa nguvu za bunduki tarehe 25 Januari 1971. Katika miaka minane ya utawala wake waliuawa watu wengi mno. Makadirio yanayotajwa mara nyingi yafika 300,000. Benedikto Kiwanuka, Mkatoliki aliyekuwa Jaji Mkuu, alikamatwa mle mle mahakamani mwezi wa Septemba 1972, asirudi tena kwake. Padre Clement Kiggundu, mhariri wa gazeti la Kikatoliki la Munno, aliuawa mwezi wa Januari 1973. Nasi tunaoandika katika gazeti la Kanisa hatuwezi kulipita jina lake kwa haraka. Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa la Anglikana aliuawa mwezi wa Februari 1977. Tena, mwishoni mwa Oktoba 1978, majeshi ya Amin yalivuka mpaka yakaikalia nchi yetu iliyo kaskazini ya mto Kagera. Raia waliuawa, mifugo ikaswagwa, kiwanda cha sukari kikaharibiwa, na daraja la Kyaka likavunjwa ili tusiwafuate.

Huyo ndiye adui tunayemsema. Hakuwa adui wa kwenye mifano ya mahubiri.

Sasa twaomba msomaji atofautishe siku mbili. Siku ya kwanza ni tarehe 11 Aprili 1979, Kampala ilipokuwa imekwisha kutwaliwa na majeshi ya Tanzania pamoja na Waganda waliopigana upande wetu. Watu waliokuwa wamejificha walitoka majumbani, wakacheza njiani, wakatukumbatia sisi tuliokuwa tumejaa matope na vumbi la mwendo wa miezi mitatu. Walilia na kucheka pamoja. Tulishangilia nao, wala hatuoni haya kusema hivyo. Siku ya pili ni Jumamosi, tarehe 16 Agosti 2003, Amin alipofariki katika hospitali ya Jeddah, Saudi Arabia, alikokuwa amekaa uhamishoni miaka mingi. Akazikwa huko huko.

Kati ya siku hizo mbili ilipita miaka 24. Katika miaka hiyo Amin hakuwa na jeshi, wala gereza, wala mtu wa kumtuma usiku kugonga mlango wa jirani. Kifo chake hakikumfungua mfungwa hata mmoja. Hakikumrudishia mjane ye yote mumewe. Tukitazama sawasawa, tutaona kwamba siku ile kuna kitu kilichopotea: mtu yule alikufa asisimame mbele ya hakimu, asiulizwe, asijibu. Familia zisizojua mpaka leo wapendwa wao walitupwa wapi zilipoteza shahidi mkubwa kuliko wote. Kwa upande wa haki, basi, ilikuwa siku ya hasara. Furaha ya mwaka 1979 ilikuwa na watu waliookoka. Ile ya mwaka 2003 ilikuwa na maiti tu.

Habari ilipotufikia kwa redio hapa Bomang'ombe, wako waliotujia wakitupa mkono wa pongezi, kana kwamba ni sisi tuliomfisha. Bomang'ombe, kama wengi wajuavyo, ni mji wa njia panda: mabasi ya Moshi na Arusha hupita hapa, na njia ya Sanya Juu huanzia hapa, Wachaga, Wapare, Wamasai na Wameru hukaa pamoja, Wakristu na Waislamu, na habari yo yote huzunguka mji mzima kabla chai haijapoa. Mara ukaanza mchango wa kununua mbuzi. Mzee mmoja, askari mwenzetu, ambaye ndugu yake amelala katika makaburi ya mashujaa kule Kaboya, aliombwa atoe fedha yake. Akajibu: "Mbuzi wa ushindi tulikwisha kumla. Huyu ni wa nini?" Hakuna aliyepata jibu, na mchango ukafia hapo. Twakiri kwamba katika maneno yale mafupi mlikuwa na teolojia nyingi kuliko katika makala yetu hii yote.

Maana mafundisho ya Kanisa yasema hivyo hivyo. Mtakatifu Gregori Mkuu, Papa, alifundisha kwamba yawezekana mtu afurahi adui aangukapo pasipo kupoteza mapendo, kwa sababu kuanguka kwake kwawainua wengine waliokuwa wakionewa. Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliyakumbuka mafundisho hayo alipoeleza dhambi ya kijicho. Angalieni jinsi walimu hawa wawili walivyo waangalifu. Furaha wanayoiruhusu yawatazama walioinuka, haimtazami aliyelala chini. Bwana wetu Yesu Kristu aliagiza tuwapende adui zetu na kuwaombea wanaotuudhi. Na mtu hawezi kumwombea mwenzake uzima wa milele huku moyoni akishukuru kwamba ameoza.

Kipimo chake si kigumu. Jiulize: kama adui yangu angetubu, akarudisha alichonyang'anya, akaishi miaka mingine ishirini bila kumdhuru mtu, je, ningefurahi vile vile? Ukiweza kujibu ndiyo, ulikuwa ukiutamani wokovu wa watu. Ukiona kwamba furaha yako haitakamilika mpaka afe, jua ya kuwa hiyo ni chuki, hata ukiipa jina la haki. Nabii Yona alishindwa kipimo hicho. Watu wa Ninawi walipotubu, yeye alikasirika, akaketi nje ya mji chini ya kivuli, akingoja aone kama utateketea. Mungu alimwuliza kama alikuwa na haki ya kukasirika, akamkumbusha kwamba mji ule ulikuwa na maelfu ya watu wasiojua kupambanua mkono wao wa kuume na wa kushoto. Na kitabu chaishia kwa swali hilo la Mungu, pasipo kutuambia Yona alijibu nini.

Msomaji mjuzi atatupinga akisema: Mbona Waisraeli waliimba, wakapiga matari, Farao na jeshi lake walipozama baharini? Na mbona Kanisa lenyewe huyasoma na kuuimba wimbo ule kila mwaka katika mkesha wa Pasaka? Pingamizi hili ni la haki. Lakini kumbukeni ni nani walioimba: ni watumwa waliokuwa wakifukuzwa na magari ya vita saa ile ile, bahari mbele yao na upanga nyuma. Ilikuwa Aprili 1979 yao, kama twaweza kusema hivyo. Tena Kanisa, likiimba wimbo ule usiku wa Pasaka, huwatazama wakatekumeni wanaongoja maji ya ubatizo. Kinachozama ni utumwa wa dhambi. Halitufundishi kumcheka Mmisri. Na Daudi, ambaye Sauli alimwinda milimani kama kware, siku alipoletewa habari ya kifo cha Sauli alirarua mavazi yake, akalia, akafunga mpaka jioni. Yule kijana aliyeileta habari alidhani atapata zawadi.

Mambo haya yametokea hata katika siku zetu. Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yalilipuliwa Nairobi na Dar es Salaam kwenye balozi za Marekani, yakaua watu zaidi ya 200, walio wengi wakiwa Waafrika wenzetu waliokuwa kazini au njiani. Osama bin Laden, kiongozi wa kundi lililofanya uovu ule, aliuawa mwezi wa Mei 2011, na katika miji ya Marekani makundi ya watu yalitoka usiku yakiimba. Siku hiyo msemaji wa Vatikano, Padre Federico Lombardi, hakuficha uovu wa marehemu, lakini alikumbusha kwamba Mkristu hafurahii kamwe kifo cha mtu. Wako waliomwona baridi mno. Sisi tulimwona kama mtu aliyesoma katekisimu yake.

Wengi hudhani kwamba askari ndiye mwenye kumchukia adui kuliko wote. Katika maisha yetu tumeona kinyume chake: chuki kubwa hukaa mbali na mstari wa mbele, mahali penye viti. Mtu aliyekuwa karibu ameona mambo yanayomzuia. Kwa mfano, askari wa Amin walisema Kiswahili. Ndicho kilichokuwa lugha ya jeshi la Uganda tangu siku za King's African Rifles, walimotumika baba zetu pamoja na baba zao, na ambamo Amin mwenyewe aliingia mwaka 1946. Basi, majeruhi wao alipoomba maji, hakuyaomba kwa lugha ya kigeni. Aliita "ndugu," nasi tulisikia. Wengi wao walitoka West Nile, nchi yenye Wakatoliki wengi, wala haikuwa ajabu kumkuta maiti mwenye rozari shingoni. Kumzika mtu wa namna hiyo ni kazi ya dakika chache. Kumwimbia wimbo wa dhihaka baada ya hapo ni jambo ambalo ulimi hukataa.

Mtakatifu Augustino alimwandikia afisa mmoja wa jeshi, Bonifasi, kwamba vita yapasa vipiganwe kwa lazima tu, na amani ndiyo itakiwayo na moyo. Na kwamba adui akiisha kushindwa au kutekwa, astahili huruma. Twafahamu kwamba vita vya Kagera havikulifuata shauri hilo siku zote. Imeandikwa, nasi hatuna budi kulitaja kwa uchungu, kwamba Mutukula ilipotwaliwa mwezi wa Januari 1979, mji ulibomolewa na raia wakauawa, kwa kulipiza yale yaliyotendwa Kagera. Mwalimu Nyerere alipopata habari alishtuka, akaamuru kwamba tangu hapo raia na mali zao wasiguswe. Na tulipoikaribia Kampala, alitaka njia ya mashariki, iendayo Jinja, iachwe wazi, ili askari wa Libya waliotumwa kumsaidia Amin wapate pa kutokea. Wako waliouliza: kwa nini tumpe adui mlango? Hesabu yake ilikuwa ya siasa pia, hatukatai. Lakini kwa sababu ya mlango ule wana wengi wa akina mama wa Libya walirudi kwao wakiwa hai, na Kampala ikaponyoka katika vita vya nyumba kwa nyumba. (Hao Walibya walikuwa wamewahi kutuma ndege kuipiga Mwanza, na makombora yake yakaua swala. Askari tulicheka sana habari ile, na kicheko hicho twadhani Mbinguni hawakukiandika.)

Kinachotutia hofu zaidi ni kile kinachofuata kicheko cha namna nyingine. Furaha juu ya maiti haishibi kwa maiti mmoja. Mtu mwovu akiisha kuondoka, chuki iliyozoea kula hutafuta jamaa zake, kabila lake, dini yake. Mwaka huo huo wa 1979, katika Ankole, Waislamu waliuawa kwa kuwa tu walisali kama Amin alivyosali. Katika West Nile, nchi ya asili yake, wanajeshi wa serikali mpya waliwalipiza kisasi watu wasio na jeshi. Tarehe 24 Juni 1981 wakaingia katika misheni ya Kikatoliki ya Ombaci, karibu na Arua, ambako watu walikuwa wamekimbilia wakiamini kwamba ndani ya uwanja wa Kanisa watasalimika. Makumi yao waliuawa pale, na watoto miongoni mwao. Misheni hiyo ya Ombaci ndiyo tungependa vijana wetu waijue kama wanavyolijua jina la Amin. Mji wetu wa Moshi ulikuwa na fahari ya kuwakaribisha Waganda waliokutana tarehe 24 hadi 26 Machi 1979 ili wapatane namna ya kuijenga nchi yao; walipatana, lakini mapatano ya mezani hayakuwafikia wote waliokuwa wameshika bunduki.

Wala tusiwanyoshee Waganda kidole. Kilimanjaro nayo ina yake. Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani waliwanyonga Old Moshi wamangi na wazee 19, miongoni mwao Meli wa Moshi, Molelia wa Kibosho na Ngalami wa Siha, hapo juu yetu. Mabwana wageni ndio walioifunga kamba, lakini wazee wetu wametusimulia pia habari za mashindano ya wamangi wenyewe, na jinsi maneno ya mmoja dhidi ya mwingine yalivyosikiwa na masikio ya Boma. Bila shaka ziko nyumba ambamo usiku ule pombe ilinywewa kwa furaha. Kichwa cha Mangi Meli chasadikiwa kuwa kilipelekwa Ujerumani, na jamaa zake wamekitafuta kwa miaka mingi. Yupo nani leo, Machame au Marangu au Kibosho, anayeisimulia pombe ile kwa kujisifu?

Turudi majumbani. Walio wengi kati ya wasomaji wetu hawatapata kamwe adui mwenye jeshi. Adui yao ni jirani aliyesogeza mpaka wa kihamba, ndugu aliyeuza shamba la urithi kwa siri, mfanyabiashara aliyekula fedha ya kahawa. Siku mtu huyo akifa, watoto humtazama baba. Baba akisema, "Afadhali," neno hilo moja lafuta masomo ya katekisimu ya mwaka mzima. Tumesikia wengine wakiwakataza wake zao kwenda msibani, au wakipiga muziki nyumbani wakati majirani wanapopita na jeneza. Wazee wetu waliokuwa hawajabatizwa walikuwa na jani la isale. Aliyekosa akilituma jani hilo kwa aliyekosewa, ilikuwa mwiko kumkatalia msamaha. Je, sisi tuliopokea maji ya ubatizo tuwe wagumu kuliko wao? Na kama aliyekosa amekufa kabla ya kulituma, aliyekosewa na aende msibani, atupe udongo wake, arudi nyumbani. Hatumwambii aseme uongo juu ya marehemu. Madai ya shamba yaendelee kwa njia ya haki, hata mahakamani ikilazimu. Kifo hakifuti deni, na warithi wanaweza kulipa.

Wazazi na wawaambie watoto ukweli wote juu ya watu waovu. Tusiwafiche habari za Kiwanuka, wala za Kagera, wala za mashujaa waliolala Kaboya. Mtoto asiyejua uovu uliotendwa hataelewa kwa nini babu yake aliacha migomba akaenda vitani. Lakini mkimweleza habari za ushindi, mwelezeni pia habari za Ombaci, katika usiku ule ule, kabla hajalala.

Limebaki swali moja ambalo tumeulizwa zaidi ya mara moja, nasi tunalijibu kwa ufupi. Je, Mkatoliki aweza kumwombea mtu kama Amin, ambaye hakuwa Mkristu, na aliyeua Wakristu? Aweza. Kanisa limetangaza watakatifu wengi, lakini halijamtangaza mtu hata mmoja kwa jina kuwa yuko motoni. Na sheria ya Kanisa, kanuni ya 901, yampa padre ruhusa ya kutoa Misa kwa nia ya mtu ye yote, aliye hai au aliyekufa. Mwezi wa Novemba, tunapoandika majina ya marehemu wetu na kuyapeleka kanisani, askari wenzetu kadha huandika wale wa kikosi chao mmoja mmoja, kisha chini ya karatasi huongeza mstari usio na jina, kwa ajili ya wale wa ng'ambo ya mto. Mapadre huupokea pamoja na mengine.